Mama Mkwe Anapenda Sinema za Kutisha, Lawama Nabeba Mimi

Mpendwa mshauri, nisaidie, maana tangu Jumapili sina amani nyumbani. Nina kibanda cha kuwawekea watu sinema kwenye flashi hapa Kizota, na wateja wangu wakubwa ni mafundi gereji ambao hawataki kingine ila sinema za kutisha, tena mpya, basi mimi naziangalia kwanza halafu nawaambia hii chukua, hii imepooza, na wananiamini. Sasa mama mkwe wangu alikuja kutoka Gulwe kutibiwa goti, yeye ni kiongozi wa kwaya ya akina mama, kwa hiyo nikawa naangalia kwa kujificha, mpaka mchana mmoja akanifuma, nikakimbilia kuzima, akanishika mkono akasema, "Acha, mwanangu, huyo maiti hajamaliza."

Mshauri, nilishtuka! Nikaanza kumchagulia zile nyepesi, akasema hizo za watoto, nikapanda hadi zile zinazowashinda mafundi wenyewe, yeye anacheka, nami nikawa nawaambia wateja maoni yake, ikafika mahali wananiuliza, "Bibi amesemaje kuhusu hii?"

Jumapili mume wangu Thobias, ambaye ni mzee wa kanisa, akarudi mapema kutoka kikaoni, kwenye runinga mwanamke anachomoka kaburini na udongo mdomoni, mama anapiga makofi.

"Mama! Nini hiki?"

Mama akainamisha kichwa. "Muulize mkeo, baba. Mimi amenikalisha tu hapa."

Nilibaki mdomo wazi. Thobias anasema namwingizia mama yake mapepo, nifunge kibanda au nirudi kwetu, na Jumamosi ameita wazee wa kanisa. Halafu jana, alipotoka tu kwenda kazini Mtumba, mama akanifuata jikoni akaninong'oneza, "Ile ya mapacha waliozikwa hai, imeshafika?" Nikisema ukweli nitaonekana nimemvunjia heshima, nikinyamaza naachika. Nifanyeje?

Debora, Kizota

Debora, pole sana. Nimesoma barua yako nikajishika kichwa. Kiongozi wa kwaya anakutupia mzigo, kisha anarudi kuomba sinema nyingine!

Lakini na wewe umenishangaza. Ulinyamaza sebuleni, ukanyamaza na jikoni. Nani amekuambia heshima ni kubeba uongo wa mtu mzima? Na kazi halali unaifichaje kama wizi?

Leo hii, mumeo akiwa kazini, kaa na mama. Mwambie, "Mama, nilikuchagulia kwa mapenzi, sasa ndoa yangu inavunjika. Naomba umweleze Thobias mwenyewe." Usimfokee. Anamwogopa mwanawe kuliko anavyowaogopa hao maiti. Ila mpaka aseme, usimwekee hata moja.

Kibanda usifunge. Thobias hawezi kukuitia wazee kwa jambo ambalo hata hajakuuliza, na hilo mwambie ana kwa ana.

Mama akikataa, Jumamosi simama mbele ya wazee, waamkie, useme, "Tuliangalia wote wawili, na mama alifurahi." Usiongeze neno. Kaa chini, umwache yeye ajibu.