Wasifu wa Mama Pamela Uliofunikwa Ndani ya Folda

Jumatano, saa kumi na mbili jioni. Mvua imenyesha tangu mchana na sasa imeacha, mtaa wetu wa Kondele wote ni vidimbwi. Leo nina moyo mwepesi, na pia nina aibu. Vyote viwili ni vya kweli, kwa hiyo nitaviandika vyote.

Nianze na kinachonipendeza. Mimi kazi yangu naijua. Duka letu linachapisha kadi za harusi, mabango, na zaidi ya yote programu za mazishi, vile vijitabu vinavyogawiwa waombolezaji vikiwa na picha na wasifu wa marehemu. Tuna kompyuta tatu za mitumba, zote zinatumia mfumo wa Linux, na niliziwekea mwenyewe. Ya tatu iko chini ya kaunta, haina hata skrini. Hiyo ndiyo seva. Humo mna folda moja tunayoiita Kazi. Nikiifungua kwenye kompyuta yangu, na Achieng' akiifungua kwenye yake, tunaona vitu vilevile. Hatukimbizani tena na flashi. Mafundi wa maduka ya jirani wamekuja kuangalia, nami nimewaeleza kwa raha zangu.

Achieng' ndiye anayepiga chapa. Tumefanya kazi pamoja miaka minne.

Jumatatu mchana alikuja Mzee Odhiambo, mwalimu mstaafu wa kule Dunga. Mkewe, Mama Pamela, anazikwa Jumamosi. Mikono ya mzee siku hizi inatetemeka, hawezi kuandika, basi aliketi kando ya Achieng' akausema wasifu kwa mdomo, Achieng' akaupiga. Walikaa hadi jioni. Nilisikia vipande tu. Namna Mama Pamela alivyomfundisha mumewe kuendesha baiskeli, mwalimu mzima, wanafunzi wakichungulia, yeye akikimbia nyuma ameshika kiti. Mzee alikuwa anacheka, kisha ananyamaza, na Achieng' anamngoja bila kugusa kibodi.

Leo asubuhi mzee amerudi na picha. Nikafungua Kazi niuchukue wasifu, niupange pamoja na picha.

Haukuwemo.

Nikatafuta kwa jina, nikatafuta kwa tarehe, nikapekua hadi kwenye takataka. Hakuna kitu. Achieng' akasema aliuhifadhi ndani ya Kazi, kama siku zote. Nami, mbele ya mzee, nikatamka neno ambalo natamani ningelimeza.

"Seva haipotezi kitu," nikamwambia. "Labda ulisahau kusevu."

Sikupaza sauti. Nilisema kwa upole kabisa, kama daktari anayempa mgonjwa majibu. Nafikiri upole huo ndio uliouma zaidi.

Mzee alimtazama Achieng', halafu akaangalia mikono yake mwenyewe. Akatuambia tusisumbuke, anaweza kukaa auseme tena.

"Lakini hautakuwa ule," akasema.

Hapo nikanyanyuka, nikaenda kuketi kwenye kiti cha Achieng', mbele ya kompyuta yake. Nikamwomba anieleze kila kitu tangu Jumatatu, na safari hii nikasikiliza kwa kweli.

Jumatatu asubuhi stima ilipotea, kompyuta zote zikazima, kisha ikarudi. Kompyuta ya Achieng' iliwaka upesi, lakini seva yetu ni nzee, huamka polepole. Kwa hiyo kompyuta yake iliitafuta Kazi, ikaikosa, wala haikutoa onyo. Aliyoiona kwenye skrini ilikuwa folda yenye jina hilohilo, lakini ni ya kwenye kompyuta yake mwenyewe, tupu, ile ambayo Kazi ya seva huja kukaa juu yake na kuifunika. Akahifadhi wasifu humo. Jumanne akaniambia kazi za zamani hazionekani. Nikaja, nikaunganisha seva kwa sekunde kumi bila kuuliza swali lolote, kazi zote zikaonekana, nikaondoka nikipiga mluzi.

Mkono wangu ndio uliofunika wasifu wa Mama Pamela.

Nilijua la kufanya hata kabla hajamaliza kueleza. Nikaikata Kazi ya seva kutoka kwenye kompyuta yake. Folda iliyobaki ilipaswa kuwa tupu. Ilikuwa na faili moja. Nikaifungua, na mstari wa kwanza ulikuwa na jina la marehemu.

Mzee alisimama akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Akaniita bwana fundi, akaniombea baraka. Nami nikazipokea. Nikiri hapa, kwa sababu hapa ndipo mahali pake: kwa muda nilizipokea na zikanipendeza. Achieng' alikuwa anatazama skrini tu.

Halafu nikashindwa kuvumilia.

"Mzee, Achieng' aliuhifadhi vizuri," nikasema. "Mimi ndiye niliyeuficha bila kujua. Kosa ni langu, na nimemsingizia mbele yako."

Mzee akaniachia mkono. Akamgeukia Achieng', akamwambia kwa Dholuo, "Erokamano, nyara." Asante, binti yangu. Achieng' akainama, akajifanya anapanga karatasi.

Mchana wote tulifanya kazi vizuri kuliko kawaida. Programu zimetoka, mzee amesoma moja akifuata mistari kwa kidole, amezibeba zote. Kisha nikamalizia upande wangu. Nimepanga kompyuta ya Achieng' iitafute seva yenyewe kila anapofungua Kazi, hata kama seva imechelewa kuamka. Na ile folda tupu nimeifunga, isikubali kuandikwa kitu seva isipokuwepo. Nilichomoa waya mara tatu kujaribu. Mara zote ilikataa na ikasema inakataa. Kosa hili halitarudi tena, nasema bila wasiwasi.

Kabla hatujafunga duka nilimwomba Achieng' msamaha tukiwa wawili. Akasema amesikia. Nikamuuliza kwa nini Jumatatu, alipoona folda haina kitu, hakuniita. Akasema alidhani nimefuta kazi za zamani. Kisha akaongeza kwamba nikiulizwa kitu huwa navuta pumzi ndefu kabla ya kujibu, na siku ile, mzee akiwa amekaa pale, hakutaka kuisikia.

Miaka minne, na sikujua kwamba navuta pumzi.

Upande wa kompyuta nimemaliza. Kesho Achieng' akiniita, nitavuta kiti nikae, nimsikilize hadi amalize.