Tumbo Linaniuma Kila Asubuhi Mbele ya Mama Mkwe

Mshauri mpendwa, shikamoo. Naomba unisaidie haraka, maana naandika haya mkono mmoja umeshika kalamu na mwingine umeshika tumbo, na nikichelewa kupata jibu nitakosa mchumba, nitakosa kazi, na tumbo lenyewe sijui kama nitabaki nalo.

Mimi ni kijana wa kiume, nimeajiriwa kwenye kiwanda cha kufungasha chai na najifunza kuonja. Kwa asiyeijua kazi hii, ni hivi: kila asubuhi tunachemsha sampuli ya chai ya kila shehena iliyoingia, ya rangi, nzito, bila maziwa wala sukari, tunaimimina kwenye vibakuli vyeupe vilivyopangwa kwenye meza ndefu kuanzia dirishani mpaka mlangoni, halafu tunapita na vijiko, tunachota, tunaivuta kwa sauti mpaka igonge kaakaa, tunaitema kwenye ndoo, kisha tunasema hii ina nguvu, hii imepooza, hii iliungua ilipokuwa inakaushwa, hii ichanganywe na ile.

Msimamizi wetu ni mama mmoja ambaye ulimi wake kiwanda kizima kinauheshimu, na kwa bahati ambayo mpaka leo sijui kama ni njema au vipi, binti yake anayefanya kazi mapokezi ndiye niliyempenda, naye akanipenda, na nyumbani kwao nikakubaliwa, kwa hiyo mtu anayenifundisha kazi ndiye huyo huyo mama mkwe wangu mtarajiwa, kazini ananiita kijana, nyumbani ananiita mwanangu, na mimi kote huko ni shikamoo mama, ndiyo mama, nimesikia mama.

Sasa tumbo. Linaanza tukiwa katikati ya meza, linawaka hapa chini ya kifua, linajaa gesi, linanguruma mpaka wenzangu wanageuka kuangalia kama kuna mashine imewashwa, jasho linanitoka, na nikishakula mchana linapoa kana kwamba halikuwa lolote. Kaka yangu ninayeishi naye anasema ni minyoo, shemeji anasema ni vidonda, mwenzangu wa kazini anasema ni gesi tu na akanipa vidonge vyake vya maumivu ya mgongo, navimeza kila asubuhi kabla sijatoka, na wala havisaidii, naona kama vinaongeza.

Usifikiri naishi ovyo, mshauri. Siku ya kwanza kazini mama aliniambia nije na kinywa safi, nisile kitunguu wala pilipili kabla ya kuonja, nami ili nisimwangushe nikaamua nisile kitu chochote, naingia pale hata mkate sijagusa. Usiku ndipo najilipa, nakula sahani yangu na ile iliyobaki kwenye sufuria, shemeji ananitazama tu, nikimaliza naanguka kitandani hapo hapo. Na kuhusu ile ndoo, kusema kweli mimi siwezi kutema mbele ya mama mkwe, nimelelewa, kwa hiyo chai yote naimeza, lakini hilo sidhani kama lina neno, chai ni chai tu, nimeinywa tangu utotoni.

Kinachoniumiza zaidi ni kwamba juzi mama alisimama karibu yangu akaangalia chini, akaniuliza kwa upole mbona ndoo yangu ni kavu kila siku. Nikamjibu kwamba huwa naiosha mwenyewe mapema. Akanisifu kwa usafi. Nilitamani sakafu ipasuke. Na asubuhi hiyo hiyo, tumbo likiwa limenishika, nikaonja chai ya shehena moja mara mbili, ya kwanza nikasema ni nzuri, ya pili nikasema ni mbovu, mama hakunigombeza, aliandika yake tu, na nahisi ananiona sifai kazi na hataki kuniambia.

Basi mchumba wangu naye amekaa akapiga hesabu zake, akaona kwamba naumwa siku za kazi tu, siku ambazo niko na mama yake, na Jumapili siumwi, ingawa Jumapili hiyo nakuwa kwao, nakula meza moja na mama huyo huyo, nacheka na nashiba vizuri. Jana alinivuta pembeni, macho yamejaa machozi, akaniambia, "Tumbo lako limekataa kuwa mkwe wa mama yangu, ila wewe unaona aibu kuniambia." Nikaapa, hakuniamini. Jumamosi wazee wa pande zote mbili wanakutana kupanga siku ya harusi, na amesema nisipompa jibu la maana kabla ya hapo atawaambia wasije.

Mshauri, nampenda huyu binti kuliko ninavyoweza kuandika. Huu ni ugonjwa gani? Na je, inawezekana tumbo la mtu likakataa ndoa bila yeye mwenyewe kujua? Au niombe wazee waahirishe mpaka nipone?

Ni mimi, Mgonjwa wa Asubuhi.

JIBU

Mgonjwa wa Asubuhi, marahaba, na pole sana. Pole naitanguliza kwa sababu nikianza kukugombeza huenda nikaisahau.

Mwanangu, umeniletea minyoo, vidonda, gesi na harusi, vyote kwa herufi kubwa. Halafu hapo katikati, kwa pembeni kabisa, ukaniambia kwamba kila siku ya kazi unameza meza nzima ya chai kali ukiwa na njaa, na ukaongeza kwamba hilo halina neno. Nilicheka mpaka mhariri akaja kuuliza kulikoni. Nikamsomea, akacheka, akarudi kwenye meza yake akaisukuma pembeni chai aliyokuwa hajaisindikiza na kitu.

Chai uliyoinywa utotoni ilikuwa kikombe kimoja, ina maziwa, na pembeni kulikuwa na kitafunwa. Hii unayomeza sasa imechemshwa iwe kali ili iseme ukweli wake wote, na inafika kwenye tumbo tupu. Tumbo likipokea kitu cha namna hiyo linamwaga tindikali, na tindikali isipopata chakula inaanza kukuchoma wewe. Huo ndio moto wa chini ya kifua. Na ule mngurumo? Unapoivuta chai kwa sauti unavuta na hewa. Anayetema anaitoa nyingi, wewe unaimeza pamoja na chai, kisha unashangaa mashine imewashwa.

Hapo bado hatujagusa habari ya usiku. Unakula sahani mbili kwa mpigo, unajilaza, chakula kizima kinakesha kikifanya kazi na tindikali inapanda juu. Ukiamka umechafukwa, unatupia vidonge vya mgongo wa mtu mwingine. Nani alikutuma? Vidonge vingi vya maumivu vinakwaruza tumbo, na vikiingia bila chakula ndiyo kabisa. Yote uliyokuwa unafanya ili upone au umpendeze mtu yalikuwa yanakuumiza. Acha vidonge hivyo leo hii.

Sisemi kaka yako na shemeji yako wamekosea moja kwa moja. Tumbo la asubuhi linaweza kuwa minyoo, vidonda, choo kigumu, maambukizi, hata wasiwasi, na mimi kwenye meza hii ya gazeti sina kipimo. Nenda kituo cha afya wiki hii, waambie kila kitu, na habari ya ndoo usiifiche. Na ukiona unatapika damu, au choo ni cheusi kama lami, au unakonda bila sababu, au maumivu yanakuamsha usingizini, usiniandikie mimi. Kimbia hospitali.

Chakula ni hivi. Usiku kula mapema, sahani moja, ukae kwanza kabla ya kulala. Asubuhi kula kitu chepesi, uji au mkate, suuza kinywa kwa maji, ndipo uende kazini. Mama wa watu alikukataza kitunguu na pilipili. Mkate hakuutaja. Wewe ukipewa amri ndogo unaikuza mpaka ikushinde, na tabia hiyo utaihamishia kwenye ndoa yako usipojirekebisha sasa.

Sasa mchumba wako. Anaogopa, na mtu anayeogopa hesabu zake humpotea. Mwambie hivi kwa utaratibu: kama tumbo lingekuwa linamkataa mama yake, lingeuma Jumapili, tena pale pale mezani. Jumapili mama yupo, chai ya kuonja haipo, na tumbo limetulia. Mpe gazeti hili asome mwenyewe, uwe umekaa karibu naye, maana atacheka, na baada ya kucheka atataka kukupiga kidogo. Mvumilie. Kikao cha wazee msikiahirishe hata kwa siku moja.

Limebaki jambo lako na mama, na hapa ndipo ninapokugombeza kweli. Adabu yako naipenda, lakini umeipeleka mahali ambapo haikuitwa. Kutema mate njiani mbele ya mkwe ni utovu wa adabu. Kutema chai kwenye ndoo iliyowekwa kwa kazi hiyo ni kazi, na mama huyo anaitema mbele yako kila siku. Kwani yeye hakulelewa? Unapokataa kufanya anavyofanya yeye, hebu jiulize ni kama unamwambia nini.

Na usijidanganye kwamba umemficha. Mwanamke anayeijua chai iliyoungua kwa kijiko kimoja, ashindwe kujua ndoo ambayo haijalowa? Alikuuliza kwa upole ili akufungulie mlango, nawe ukaufunga kwa uongo, naye akakusifu kwa usafi ili usiaibike mbele ya wenzako. Huyo hakuoni hufai. Huyo anakulinda, na anasubiri umwamini.

Basi kesho kula mkate wako, fika mapema kabla ya wengine, mwamkie, umwambie ukweli kuhusu ndoo kwa maneno machache. Kisha simama kwenye nafasi yako, chota, vuta, onja, uteme mpaka wa mlangoni wasikie. Jumamosi mama huyo atakaa na wazee wakupe binti yake, na sitaki akae pale akiwa bado anajiuliza chai yake yote inakwenda wapi.