Kanzu Iliyofumuliwa Ubavuni

Kwa dada yangu Mwanaharusi, Kilwa.

Kabla hujafika mstari wa pili, nakuomba ufunge mlango. Barua hii isome peke yako, wala usiisome kwa sauti, kwa maana ukuta wa chumba cha mama ni mwembamba. Ukimaliza itie jikoni iungue. Asijue mama, asijue mjomba, asijue hata yule jirani unayemwazima kinu. Ukiulizwa mdogo wako kaandika nini, sema kaandika kwamba yu hai na anawasalimu wote. Hayo mawili ni kweli.

Shikamoo, dada. U hali gani? Mama kifua chake kinaendeleaje? Na mguu wa mjomba, ule uliochomwa na mwiba wa mdimu, umepona au bado anachechemea na kusingizia kiatu? Mimi mwili wangu hauna ugonjwa. Chakula nakula bila kukionja, na nikilala nasikia kila mlango unaofunguliwa mtaani.

Kanzu uliyonishonea kwa ajili ya Idi ilinifika salama katikati ya Ramadhani. Kila aliyeiona tarizi ya shingoni aliuliza ni kazi ya mkono wa nani, nami nikajibu kwa fahari, "Ya dada yangu." Nataka ulijue hilo kwanza, kabla sijakwambia nilivyoitenda.

Kazi yangu hapa Bagamoyo unaijua. Safari ikifungwa kwenda bara, mimi huandika majina ya wapagazi, na mzigo aliopewa kila mmoja. Mwaka huu mpagazi mmoja kijana, Kibwana, aliutupa mzigo wake karibu na Ubena akarudi pwani. Nikaitwa mbele ya liwali, nikaulizwa kama jina lake limo katika orodha yangu. Nikasema limo. Sikuongeza neno. Wakamtia mkatale, miguu yote miwili ndani ya gogo.

Nilipotoka, kaka yake alikuwa amesimama mlangoni akiningoja. Huyo ni Mwinyimvua, mnyapara wa wapagazi, mtu mrefu ambaye akikohoa safari nzima hunyanyuka. Aliniambia mbele ya watu, "Karani, ndugu yangu akifia humo ndani, wewe Kilwa hutaiona tena."

Dada, unanijua. Mimi ndiye niliyekuwa nikikuamsha unisindikize uani mpaka nilipoota ndevu. Tangu siku ile nikaanza kutembea nikiangalia nyuma kama mbuzi aliyenusurika. Mpishi mmoja Mgoa alikuwa akirejea kwao, naye alikuwa na bastola ndogo ya risasi sita. Nikampa saa ya baba, naye akanipa bastola. Naandika upesi ili mkono usisite: nilimpa saa ya baba.

Sikutaka mtu aione. Hapa, kama huko kwetu, mwanamume akichomeka jambia kiunoni juu ya kanzu, watu humwambia amependeza. Lakini hilo ni la waungwana na mashujaa, na karani akifanya hivyo atachekwa mpaka sokoni. Zaidi ya hayo, mwoga hataki watu wajue kwamba anaogopa. Basi nikaanza kutafuta pa kuificha.

Kwanza niliitia kwenye kibindo cha shuka, chini ya kanzu. Uzito wake ukaivuta shuka, ikawa natembea mkono tumboni kuishikilia. Mpima pembe za ndovu wa tajiri wangu akaniona akapiga kelele, "Jamani, karani tumbo limemshika! Mleteeni tangawizi!" Wakaniletea kweli, nikainywa mbele yao. Siku ya pili niliichomeka mgongoni. Lakini kazi yangu ni ya kukaa kitako mkekani nimeegemea marobota, na kila nilipoegemea chuma kikanichoma uti wa mgongo. Jioni nilikuwa nimekunjika kama bibi mchuma mboga. Nikaitia katika mkoba wa karatasi. Kidau cha wino kikagongana nayo kikapasuka, na tajiri, ambaye hutia mkono wake mkobani mwangu bila hodi, siku hiyo kidogo aitoe mbele ya wateja.

Nikaenda kwa Mzee Feruzi, mshona makubadhi wa karibu na soko la samaki. Nilimwonyesha ukubwa kwa kipande cha ubao nilichokichonga, nikamwambia nataka mfuko wa ngozi laini wa kukaa chini ya kwapa la kushoto, na ukanda wa kuzunguka bega.

Akakigeuzageuza kile kibao. "Wa nini, mwanangu?"

"Wa hirizi."

"Hirizi ina mkia?"

"Mzee, nishonee tu."

"Nitakushonea. Lakini mganga aliyekupa hirizi hii mwambie amezidisha dawa."

Akashona kwa ngozi ya mbuzi, akaisugua kwa mafuta ya nazi hata ikalainika kama sikio la mtoto. Dada, nilipoivaa ilikuwa kana kwamba nimezaliwa nayo. Haikuvuta, haikuchoma, haikucheza. Nilikaa, niliinama, niliandika kutwa nzima. Nikivaa kizibao juu ya kanzu hakuna aliyeona uvimbe. Kasoro ilikuwa moja: kanzu haina mlango, na mkono hauwezi kufika kwapani ila kwa kupitia shingoni. Kwa hiyo nikachukua wembe, nikafumua mshono wa ubavuni kiasi cha kupitisha kiganja. Nilianza na kanzu zangu za kazi. Ilipofika ile yako, niliifumua pia.

Hapo ndipo lilipo kosa langu, na nimelitafakari siku nyingi. Ilipokuwa inaniumiza, kila hatua iliniambia, "Umebeba mauti." Nikifika mlangoni mwa mtu naikumbuka, nasingizia haraka, siingii. Siku za Ijumaa naiacha chini ya kitanda. Ilipotulia ikaacha kusema, nami nikaisahau. Nikawa naivaa asubuhi kama fulana.

Mwisho wa Ramadhani Kibwana akafunguliwa. Mtu mwenye akili angeshukuru. Mimi niliwaza, sasa ni wawili.

Asubuhi ya Idi nilikoga, nikavaa ukanda, nikavaa kanzu yako, nikatia kizibao na marashi, nikaenda msikitini. Mungu ni shahidi wangu, dada: sikuwa na habari nayo. Nilirukuu, nilisujudu, wala haikunigusa. Khatibu akamaliza hotuba, watu wakasimama kupeana mkono wa Idi. Mara nikamwona Mwinyimvua anapenya katikati ya watu kunijia, na nyuma yake Kibwana, anatembea pole pole kwa sababu ya vidonda vya vifundoni.

Nikautafuta mlango kwa macho. Lakini uso wa Mwinyimvua ulikuwa mkunjufu. Akasema kwa sauti ile yake, wote wakasikia, "Mkono wa Idi, karani! Ndugu yangu ameniambia mwenyewe kwamba ulisema kweli. Nilikutisha kwa uchungu. Nisamehe."

Akanikumbatia.

Nilikuwa nimeanza kulia, dada. Nilikuwa nimeshafungua kinywa kumwambia kwamba mimi ndiye wa kusamehewa. Ndipo nikamsikia ameganda. Mkono wake wa kulia ulikuwa ubavuni mwangu.

"Ni nini hiki?" Sasa alinong'ona.

"Kidau," nikasema. "Kidau cha wino."

Akakipapasa mara moja kwa kiganja. "Kidau hakina mtutu."

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Alirudi nyuma hatua mbili, akainua mikono yake mitupu ili kila mtu aione, akamwambia Kibwana bila kuniondolea macho, "Usimpe mkono. Mtu huyu amekuja kusali na kifo changu ubavuni."

Wakanivua kizibao pale pale, wakaona pale nilipopafumua. Khatibu, ambaye alinifuturisha nyumbani kwake mara tatu katika mwezi ule, aliutazama ule mshono akatikisa kichwa. "Mwanangu, ungevaa jambia tungesema umependeza. Kilichofichwa hatuna la kusema juu yake." Nikasema nimesahau. Hakuna aliyeniamini, na mimi ningekuwa wao nisingeamini. Nani husahau bastola? Hakuna aliyetaka kuigusa; wakanipisha nikatoka nayo.

Siku ya pili, mchana, nilikwenda barazani kwa Mwinyimvua, nimeishika mbele yangu juu ya viganja viwili, risasi nimezitoa. Nilitaka kumwachia. Hakuigusa. "Iondoe," akasema. "Mimi nilipokuja kwako nilikuwa nimekwisha kukusamehe. Kama ungenipiga risasi ningejua umenichukia. Hivi sijui wewe ni mtu gani, na mtu nisiyemjua simfuati wala simkaribishi." Kibwana alikuwa ndani. Nilisikia akikohoa, hakutoka.

Nikaitupa katika shimo la choo. Ukanda ninao, sijui kwa nini. Tajiri naye ameniambia kwa upole nisirudi, kwa sababu wapagazi wanakataa kuandikwa nami. Na ingawa sasa sina kitu, mkono wangu wa kulia bado huenda ubavuni, hukuta mbavu, hurudi. Mwinyimvua hatanidhuru, najua. Lakini yako maneno mtaani kwamba nilikwenda kuua msikitini, na wako vijana wa safari wanaompenda kuliko anavyojua. Mzee Feruzi amenihifadhi nyuma ya kiwanda chake, na kesho naondoka.

Nisalimie shangazi aliyenifundisha kufunga kilemba. Nisalimie mjomba, mwambie avae kiatu kingine. Msalimie mwalimu wetu wa chuo cha Kurani, usimwambie lolote. Mama mbusu mkono wa kulia kwa niaba yangu. Akiuliza habari za saa ya baba, mwambie inakwenda vizuri. Nakutwisha uongo huo, nisamehe.

Usinipelekee tena barua kwa tajiri. Ipeleke kwa Mzee Feruzi, mshona makubadhi, bila jina langu juu yake. Yeye ataikabidhi kwa Mkwere rafiki yake anayeleta ngozi kila mwezi, naye ataifikisha Msata ambako nitakuwa nikilima naye. Wala usiandike jina lako ndani. Badala yake, tia kipande cha uzi ule mweupe uliotarizia shingo ya kanzu yangu, urefu wa mkono mmoja. Nikiuona nitajua ni wewe. Nimeichukua ile kanzu, sijaivaa tangu siku ile. Mzee Feruzi alitaka kuushona mshono kwa uzi wake, nikamkatalia. Nangoja wako.

Mdogo wako mwenye majuto,
Shehe.