Mkaa wa Dawa na Vidonge Nilivyouza

Mjomba, shikamoo.

Tangu tukuzike hapa Mgeta, biashara imefunguliwa kwa kila mtu. Hata mimi mpwa wako nimefungua duka la dawa baridi karibu na soko. Nina jambo ambalo ningekwambia wewe kwanza kabla ya mtu yeyote.

Jumanne asubuhi jirani yangu Mwanahawa aliingia dukani mbio, bintiye Asia mgongoni. Mtoto wa miaka mitatu. Alikuwa ameokota vidonge vya klorokwini vya baba yake, vile vyenye ganda la sukari, akavila akidhani ni pipi. Muda si mrefu, Mwanahawa alisema: maji ya chai aliyokuwa ameyabandika yalikuwa bado hayajachemka. Akanionyesha karatasi ya daftari vilimokuwa vimefungwa.

Mjomba, karatasi ile niliikunja mimi. Vidonge niliuza mimi, jana yake.

Bibi wa mtoto alitufuata na mkaa wa jikoni aliokwisha kuutwanga, akitaka tumtapishe kwanza. Nilikataa yote mawili. Nilikuwa nakusikia wewe, ulipokuwa ukiwatibu watu pale zahanati: "Mkaa wa jikoni si dawa, wala mtoto usimtapishe. Na aliyezimia usimnyweshe, atapaliwa."

Asia alikuwa macho, analia. Nikafungua kopo la mkaa wa dawa, ule ulionisisitizia kwamba nikifungua duka nisikae bila kuwa nao, nikaukoroga na maji, nikamnywesha kidogo kidogo. Akitema, narudia. Kanga zetu zote zikawa nyeusi. Mwishowe kikombe kiliisha.

Gari la kabichi lilikuwa linashuka Morogoro, wakatupakia mbele. Njia nzima nilimwekea mkono kifuani. Kwenye kona moja akasinzia, nikamfinya alie. Akalia. Sijawahi kufurahia kilio namna ile.

Hospitali walimlaza siku mbili. Daktari alisema mkaa ulinasa sumu nyingi tumboni kabla haijaingia kwenye damu, na kwamba tungekawia, asingetuahidi kitu.

Mwanahawa aliponishukuru nilishindwa kupokea. Nikamwambia kuhusu karatasi. Akasema, "Najua. Na mimi ndiye niliyeiacha kitandani." Tukakaa pale kwenye benchi, hakuna aliyemwangalia mwenzake.

Asia mzima. Anacheza mlangoni kwangu, ila nikishika kikombe tu anakimbia.

Nakuahidi, Mjomba, dawa haitatoka tena dukani kwangu ndani ya karatasi. Itatoka kwenye chupa yenye kifuniko, na nitamwambia kila mteja aiweke juu, hata akiniona msumbufu.

Pumzika, Mjomba.

Mpwa wako,
Mwajuma