Byron, Matundu Yaliingia Kutoka Nje

Mwaka umekatika, Byron, tangu ile ndege ya mizigo iliyobeba dawa ianguke na wewe ndani, huko ng'ambo kwenye vita. Mama yako alitaka tangazo hili la kumbukumbu liwe fupi na la upole, kama matangazo ya watu wengine. Mimi baba yako nimejaribu nimeshindwa, kwa hivyo utanivumilia tu.

Ulikuwa mekanika wa ndege, na hukuweza kukaa na kitu kilicholegea. Ukifika hapa Kendu Bay, kabla ya chai umeshakaza bawaba za mlango, mpini wa sufuria, na baiskeli ya jirani ambaye hata hakukuomba. Dada yako Terry alikuwa anakucheka: "Huyu hata siku ya harusi yake atatafuta spana." Na kweli ulitafuta, gari la bwana harusi lilipogoma.

Ulipotutoka, kampuni ilisema haraka haraka kwamba ni hitilafu ya mtambo. Hitilafu ya mtambo maana yake ni wewe. Kisha Nicodemus, rafiki yako wa kazini, akamtumia Terry picha za mabaki kwenye simu. Moja ilionyesha kipande cha ubavu wa ndege, kikubwa kama mlango, kimelala kwenye nyasi, matundu tele. Nyumba nzima ikaniangalia mimi. Miaka thelathini na tisa nakata na kukunja mabati, nani mwingine angelisoma tundu?

Nikasoma. Bati lilikuwa la kijani, na kingo za matundu zimejikunja kuja upande huo wa rangi. Mimi najua paa: upande wa rangi ndio unaotazama mvua, ndani hakuna anayepaka. Basi nikaamua kijani ndiyo nje, na kilichotoboa kimetoka ndani.

Siku ya mazishi nikashika maikrofoni mbele ya kanisa, majirani, na wakwe zetu kutoka Migori. Nikasema, "Sitamtetea kijana wangu kwa uongo. Kitu kimelipuka ndani ya ndege. Kazi yake ilikuwa na kasoro." Wengine walinishika mkono wakanisifu kwa kusema kweli. Aii, mimi James!

Baada ya wiki mbili mke wako Jerusha alimbeba binti yenu Damaris akarudi kwao, upande wa Kehancha. Huko sokoni wakamnyooshea kidole: huyo ni mjane wa yule mekanika aliyewaua marubani. Sikumpigia simu hata mara moja. Nilikuwa na kichwa kigumu, na nilikuwa na aibu.

Mwezi wa tano Jerusha alikuwa anamtafutia Damaris picha yako, akapata ile uliyojipiga ndani ya ndege hiyohiyo, bitana ya ukuta imefunguliwa, umebana tochi kwapani unacheka. Ukuta wote nyuma yako ni kijani. Mkamwana hawezi kumwambia baba mkwe usoni kwamba amekosea, kwa hivyo alipitishia kwa mama yako: "Mama, tafadhali muulize baba kama aliwahi kuona paa lililopakwa rangi upande wa ndani."

Nilikaa chini. Nikachukua bati na msumari nikalitoboa huku na huku kama mtoto anayeanza kazi, ingawa jibu nilikuwa nalo tayari. Nicodemus akathibitisha kwamba ile kijani ni rangi ya kuzuia kutu, hupakwa ndani. Picha ilipigwa upande wa ndani, na kingo zote zimeingia ndani. Kilichotoboa kilikuja kutoka nje, tena kwa ubavu mmoja tu.

"Ni kombora, mzee," alisema. "Hilo hulipukia karibu na ndege, halafu vipande vyake ndivyo vinatoboa."

Tumewapelekea wachunguzi picha hizo mara nne. Wanajibu kwamba uchunguzi unaendelea. Mimi situlii, Byron. Chakula kinapoa mezani nikiwa na kioo cha kukuzia mkononi. Mama yako ameficha picha hizo mara mbili, na mara mbili nimezipata. Nimehesabu matundu sitini na matatu, kesho yake nikaanza upya. Hata kanisani macho yangu yako darini, na mama yako ananifinya ili nisali.

Sasa sikia, wuoda, mwanangu, na kila aliyekuwa mazishini asikie. Ndege ile haikuangushwa na mikono yako. Kuna mtu aliifyatulia kombora, na leo asubuhi amekunywa chai yake. Yeye hakukujua. Mimi nilikujua tangu siku uliyozaliwa, na nikakuhukumu hata kabla hatujakufukia.

Unakumbukwa na mama yako Phelesia, dada yako Terry, na binti yako Damaris, ambaye siku hizi anaweza kuandika jina lako yeye mwenyewe. Unakumbukwa na mke wako Jerusha, ambaye jana tu ndipo alipokubali jina lake liandikwe pamoja na letu. Na mimi baba yako, James Ogweno, niliyekusingizia mbele ya watu.

Tutakukumbuka siku zetu zote, Byron. Unisamehe.