Nilibaki Nimesimama

Jumamosi, usiku

Na bado hajaniambia neno. Tangu tupande gari kurudi Kawajense, mama mkwe ananinyamazia tu, na mimi nimechoka kubahatisha anawaza nini.

Kwani nilikataa kumpigia mtemi magoti? Uwanja ulijaa, wengine wametoka Kakese alfajiri kwa baiskeli, maana kabla ya leo huku kwetu hakuwa amesimikwa mtemi tangu mama akiwa binti mdogo. Yeye mwenyewe ndiye aliyeng'ang'ania twende, na tumbo langu hili la miezi minane.

Ngoma ilipolia, wote wakashuka chini, wakainamisha vichwa, wakapiga makofi taratibu kama inavyotakiwa. Mimi kiuno kilikaza. Mama akanivuta kitenge: "Shuka wewe! Unataka kutuletea mkosi?" Sikuweza. Katika umati wote ule nikabaki nimesimama peke yangu kama nguzo, na mtemi akainua macho, akaniangalia.

Tangu hapo mtoto hajatulia tumboni. Au mimi ndiye sijatulia. Kama kweli nimeleta mkosi, basi siku ya kujifungua...

Nilikatishwa. Mama aliingia, nikajua sasa nasemwa. Akakaa kitandani, akauliza polepole, "Hivi sura yake ikoje? Mimi niliona mchanga tu."

Nikamwambia ukweli: ni kijana, na alikuwa anaogopa. Midomo ilikuwa inamtetemeka.

Mama akaniwekea mkono tumboni.

"Afadhali," akasema. "Anayeogopa hawezi kutuletea mkosi."