Merikani Mpya Kinywani mwa Mwanangu

Hapana, sikumkwangua mwanangu ulimi kwa kisu. Wala kwa jani la msasa. Hayo ya kisu yametoka kwa mtani wangu Kibwana, mchoma mkaa, na Kibwana akikuona umejikwaa huenda kutangaza kwamba umevunjika mguu. Mimi nilimfuta mtoto kwa kitambaa. Kitambaa safi, kipya, changu mwenyewe.

Ndiyo balaa yenyewe.

Leo Jumatano. Mvua imeshinda ikinyesha, na mlima umejifunika wote, hata ule mteremko wa karibu hauonekani. Sokoni sijapata mnunuzi. Nimekaa kibandani na mzigo wangu, nawatania wapita njia, wanacheka, wanakwenda zao. Mdomo unafanya kazi kama kawaida. Moyo ndio haupo.

Kwa asiyenijua, mimi ni mchuuzi wa nguo hapa Morogoro. Nachukua kwa tajiri wangu, natembeza mpaka Mikese, siku nyingine napanda gari la moshi mpaka Ngerengere. Shule nilikaa kidogo tu, kiasi cha kujua kuandika na kuchapwa. Haya maandishi yangu huwa nayaacha wazi juu ya mzigo, anayejua kusoma asome acheke. Leo cha kuchekea ni kidogo.

Mke wangu Zuhura amejifungua mtoto wa kiume, wetu wa kwanza. Nikampa jina la utani, Bwana Shauri, kama yule mkubwa wa serikali, maana akilia tu nyumba nzima inasimama wima. Mama mkwe akashuka kutoka kwao Mgeta kuja kumuuguza mzazi. Mimi na yeye, kama ilivyo ada, hatutazamani usoni. Akiingia, natoka. Akitaka kuniambia neno anauambia ukuta: "Ukuta, kuni zimekwisha." Nami naujibu ukuta: "Zinakuja, ukuta." Tulielewana vizuri sana.

Kazi yake moja nilipenda kuichungulia mlangoni. Mtoto akishanyonya, mama mkwe ananawa mikono, anachukua maji aliyoyachemsha yakapoa, anajiviringishia kitambaa kwenye kidole kidogo, anachovya. Anapitisha ufizi wa juu, ufizi wa chini, mashavu kwa ndani, mwisho ulimi. Taratibu, kama mtu anayetoa unga kwenye jicho la mwenzake. Weupe ukibaki kidogo, anauacha. "Maziwa hayo," anamwambia Zuhura, "usigombane nayo." Mtoto anakilamba kile kidole, anapiga miayo, analala.

Kitambaa chenyewe kilikuwa kipande cha shuka kuukuu, kimefuliwa mpaka kimesahau rangi yake. Laini ajabu.

Sasa wakaja wanawake kutupa hongera. Mmoja, mke wa karani, mteja wangu mkubwa, akakiona kile kitambaa kimeanikwa. "Haa! Mchuuzi! Nguo nzuri unatuuzia sisi, mwanao unamfuta kwa tambara la kudekia?" Wote wakacheka. Nami nikacheka, tena kwa sauti kuliko wao.

Lakini iliniingia.

Kesho yake mama mkwe alikwenda mtoni kufua. Zuhura alimnyonyesha mtoto, hata hajamaliza kufunga kanga akapitiwa na usingizi. Bwana Shauri kalala kwenye mkeka, macho wazi, ulimi nje kidogo. Mweupe.

Nikakata kipande cha merikani, ile nguo nyeupe ya pamba, kutoka kwenye jora jipya.

Kila anayeuza merikani anajua. Ikitoka kwenye jora imejaa uwanga, imesimama kama ubao, ukiikung'uta inatoa vumbi jeupe. Mimi mwenyewe nawaambia wateja: fua kwanza, fua tena, ndipo uvae, usije ukachubuka shingo. Asubuhi ile ile nilimwambia hivyo mpagazi mmoja, mtu mwenye shingo kama gogo. Saa chache baadaye kitu kile kile nakitia kwenye mdomo ambao haujawahi kugusa kitu ila titi la mama yake.

Nilichovya majini, nikafuta. Weupe haukutoka. Nikakaza. Kichwani mwangu nilikuwa naona chungu kilichogandiwa na uji. Nikakaza tena. Alinitazama tu, ametulia, kama mtu anayesubiri nimalize mzaha wangu. Kisha akalia kilio ambacho sijapata kukisikia kwake, na nilipotoa kidole kitambaa kilikuwa na wekundu.

Zuhura akaruka, akamchukua, akampa ziwa. Mtoto akashika, akaachia. Akashika, akaachia, akalia.

Zuhura hakunitukana. Alikitazama kitambaa, akanitazama mimi. "Nilikuwa hapa hapa," akasema. "Si ungeniamsha tu?"

Pale sokoni hakuna mtu anayenishinda kwa majibu. Nilikikunja kile kitambaa, nikakitia mfukoni.

Mama mkwe aliporudi alisikia kilio tangu nje. Aliingia, akaona, akageuka. Siku ile hakuuambia ukuta. Alinitazama machoni, kwa mara ya kwanza tangu nioe kwake, akaniuliza, "Baba, umefanya nini?"

Afadhali angenipiga.

Kutwa nzima walikamua maziwa kwenye kijiko, wakamdondoshea tone moja moja pembeni mwa mdomo. Mengine yanaingia, mengine yanamwagika shingoni. Maziwa yamejaa kifuani mwa Zuhura mpaka anatetemeka kwa homa, na mtoto ana njaa, wako pamoja kwenye mkeka mmoja. Katikati yao nimeingia mimi na jora langu.

Kulipokucha akaja kaka yake Zuhura. Kwa Waluguru, kabila lake Zuhura, mtoto ni wa ukoo wa mama yake, mjomba akisema imesemwa, na mimi baba kazi yangu ni kuitikia. Hakufoka. Alisema, "Shemeji, tunampandisha kwa bibi zake mpaka kinywa kipone. Huku kwenu nguo zimezidi."

Nikacheka. Wallahi sikukusudia, ni mazoea tu, mtu akitupa neno la utani mimi nacheka kabla sijalisikia vizuri.

Zuhura aliniona nikicheka.

Wakapanda. Niliwasindikiza mpaka mtoni, kutoka hapo wakaniambia basi, rudi.

Juzi nilikwenda. Nilipanda ile njia yenye utelezi. Wakanipokea vizuri, wakanikalisha barazani, wakaniletea ugali na kunde. Mimi mkwe, ndani alimo mama mkwe na mzazi siingii. Nikauliza, mtoto vipi? "Hajambo." Kinywa je? "Hajambo, shemeji." Ananyonya? "Kula, shemeji, kinapoa. Hajambo." Nawajua wakwe zangu. Nyumba ikiwa inawaka moto, mkwe aliyekaa barazani ataambiwa kwanza hawajambo wote, amalize ugali.

Nikatega sikio ukutani. Nilimsikia Zuhura akibembeleza. Mtoto sikumsikia kabisa. Labda alikuwa amelala kwa kushiba. Labda hana nguvu ya kulia. Nimeshuka mlima mzima na hizo labda mbili, moja bega hili, moja bega lile, na sijui ipi ni nzito.

Watu wananipoza kwamba nilifanya kwa kumpenda. Sijui. Nilivyojichunguza, nilikuwa namfikiria mke wa karani. Nilitaka aje akute kitambaa cheupe kimeanikwa.

Basi tufanye biashara.

Wewe mama au dada unayepanda Mgeta wiki hii. Au wewe mwanamume unayesoma hapa kibandani, umwambie mkeo. Mimi nitaishia barazani, lakini mwanamke ataingia moja kwa moja mpaka mkekani, atapewa mtoto ampakate. Kaa mpaka anyonye. Angalia kama anashika na kutulia, au anashika na kuachia. Akipiga miayo, chungulia ulimi. Usiuguse, tafadhali. Zuhura akikuuliza nani kakutuma, sema ni mimi. Akiuliza nimetuma neno gani, mwambie bado, hilo nitalileta mwenyewe.

Kisha ushuke, uje hapa, uniambie ulichokiona kwa macho yako. Walichokuambia waachie wenyewe.

Malipo ni nguo moja kutoka kwenye mzigo huu, kanga au kaniki, uchague mwenyewe, hata ile ya juu kabisa ambayo huwa siishushi. Habari ikiwa nzuri, nguo ni yako. Habari ikiwa mbaya, nguo ni yako vile vile, na hutaniona nikicheka. Tajiri wangu akisikia biashara ya namna hii atanifukuza, lakini hilo niachie mimi.

Haya, sema. Unataka rangi gani?